Vidole Vinne vya Waya

Nyie mlioingia kitengoni mwaka huu, bosi wenu Neema ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ilivyokuwa kabla ya hizo bodi mnazozibeba kama sahani za pilau. Nadhani alitarajia vichekesho. Vipo, nitawapa viwili vitatu, lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya, na udanganyifu nilishaufanya wa kutosha. Kwa hiyo nasema mapema: kuna mtu aliwekwa rumande kwa kosa langu, na kuna siku alizokaa humo huku mimi najua kuwa hana hatia. Hayo nitayafikia. Mkiona nazungukazunguka, jueni ni woga tu, wala si uzee.

Kwa wale ambao bado mnajifunza, kazi yetu ni kujua sauti ya redio inatoka wapi. Mtu akibonyeza kitufe cha redio ya upepo na kusema neno moja, wimbi linasambaa pande zote. Wapo wenzetu wanaohangaika na alichosema. Sisi tunataka kujua amesimama wapi. Juu ya mlingoti tuna antena tano zilizopangwa duara, na wimbi huifikia moja kabla ya nyingine kwa tofauti ndogo mno. Mashine inazilinganisha hizo tofauti na kukupa upande. Ukiitwa uani huku umefumba macho, si unageuka mwenyewe kwa sababu sikio moja limesikia mapema? Ndiyo hivyo hivyo. Kituo kimoja kinakupa mstari mmoja juu ya ramani, kituo cha pili kinakupa mwingine, na pale mistari inapokatana ndipo mtu wako alipo. Vituo vyetu vilikuwa viwili, kimoja Mbezi Beach na kingine Temeke.

Mimi nilianza na antena moja tu, ya kuzungushwa kwa mkono. Nguzo yake ilipita katikati ya paa, na chini yake palikuwa na usukani wa chuma uliotoa mlio wa kukera kila ukiuzungusha. Mnadhani unazungusha mpaka sauti iwe kubwa. Hapana. Unazungusha mpaka sauti ipotee, kwa sababu sikio la binadamu ni hodari wa kujua kitu kimetoweka kuliko kujua kimeongezeka. Ubaya wa antena ile ni kwamba sauti hupotea mara mbili katika mzunguko mmoja, mara ukiwa umemwelekea mtu wako na mara ukiwa umempa mgongo. Kuna namna ya kutofautisha. Wiki yangu ya pili nilijitia naijua.

Basi nikawapigia wenzetu wa gari nikiwa kifua mbele, nikawapa mstari. Walifuata mstari mpaka ukawafikisha ufukweni, mbele ya hoteli, wakasimama pale na viatu vya buti na vipokea sauti masikioni, katikati ya watu wanaoota jua. Yule tuliyekuwa tunamtafuta alikuwa upande wa bara, nyuma yangu, kule Goba. Kiongozi wangu, Mzee Mponda, hakunigombeza. Kesho yake asubuhi nilikuta mezani kwangu kaptula ya kuogelea, imekunjwa vizuri, na juu yake karatasi yenye jina langu. Nilikaa nayo mwaka mzima kwenye droo.

Mzee Mponda alikuwa mtu wa Songea, mfupi, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ulilazimika kumsogelea. Alikuwa na desturi moja aliyoiita kuamkia. Kabla ya kufungua daftari la siku, kabla hata ya chai, uligeuza antena kuelekea mnara mmoja wa redio ya matangazo ambao wapima ardhi walishatupatia upande wake kamili. Ulisoma namba. Ikiwa ndiyo ile ile ya siku zote, kazi inaanza. Ikiwa imepungua au imezidi, kazi haianzi mpaka ijulikane kwa nini. Ilichukua dakika tatu. Kila aliyeingia mlangoni alikutana na swali lake, hata mkuu akija na wageni: "Umeamkia?"

Tulimcheka sana. Lakini kwa kuamkia huko tuligundua jirani ameezeka bati jipya, na bati lilikuwa linarudisha wimbi kwetu kama kioo. Tuligundua siku nyingine kuwa mama wa nyumba ya pili amefunga kamba ya waya ya kuanikia nguo, kutoka ukuta hadi ukuta, usawa ule ule wa antena yetu. Mzee Mponda alikwenda kumnunulia kamba ya katani kwa fedha zake na kumfungia mwenyewe. Mama yule aliamini mpaka mwisho kwamba mzee anamtaka.

Nikiwa kwenye mambo ya mikono, niwaambie la waya. Waya zinazoshuka kutoka kwenye antena tano lazima ziwe na urefu mmoja. Si karibu mmoja, mmoja. Wimbi likishaingia kwenye waya linasafiri, na waya mfupi hulifikisha mapema. Mashine haina macho. Haijui kuwa umekata waya, inadhani wimbi limetokea upande mwingine. Na pale Mbezi Beach chumvi ya bahari inakula kila kitu. Vichwa vya waya vinaota ukungu wa kijani, vinalika kwa ndani huku kwa nje vinang'aa. Vipakeni grisi, vifungeni mpira, mwaka ukiisha vifungueni hata kama havijalalamika. Mkilazimika kukata waya mmoja, kateni yote mitano sawasawa. Mkishindwa, iambieni mashine ni upi umepungua na kwa kiasi gani.

Sasa bodi. Zilipokuja, zilikuja pamoja na Neema, binti wa Moshi aliyetoka chuo kikuu mwaka ule ule. Alikuwa na adabu zote, shikamoo asubuhi na shikamoo tukikutana tena mchana, kisha akaketi akanifundisha kazi kama mtoto wa darasa la kwanza. Alinieleza kuwa chipu ya kawaida imejengwa kwa kazi moja, huwezi kuibadili. Hii ya kwenye bodi ni kama ukumbi wa kukodi. Asubuhi unapanga viti kwa kikao, jioni unavipanga kwa harusi, ukumbi ni ule ule. Ukitaka mashine itafute sauti ndefu, unaipangia hivi. Ukitaka ishike sauti inayoruka kutoka masafa haya kwenda yale, unaipangia vingine, na haijalegezwa hata skrubu moja. Zamani kazi mpya ilidai sanduku jipya, nalo lilikaa bandarini hadi mtu anasahau liliagizwa kwa nini.

Nikamuuliza, umeme ukikatika? Akacheka, akasema hapo umegusa penyewe. Umeme ukikatika, viti vyote vinaondoka, ukumbi unabaki mtupu. Ukirudi, bodi inapanga viti upya kwa kufuata mchoro uliobandikwa ukutani. Kwa hiyo ukisogeza kiti leo bila kubadili na mchoro, kesho kitarudi kilipokuwa. Na kubadili mchoro aliweka utaratibu: ujaze fomu, na mtu wa pili ashuhudie. Nilimwelewa vizuri kabisa. Naliweka wazi hilo kwa sababu baadaye wapo waliosema mzee hakuelewa teknolojia. Nilielewa.

Na niliipenda ile bodi, nisiwafiche. Nilikuwa nimezeeka nikisubiri mtu aongee nusu dakika ili nimalize kuzungusha usukani. Sasa mtu akisema maneno manne tu, kabla hajameza mate, mstari uko kwenye ramani. Asubuhi ilikuwa ikijipima yenyewe na kuwasha taa ya kijani. Nikawaza, kama inajipima, mimi naamkia ili iweje? Nikaruka siku moja kwa sababu ya foleni ya Mwenge. Nikaruka siku tatu. Mzee Mponda alikuwa ameshastaafu na kufia kwao, hapakuwa na wa kuniuliza mlangoni. Hakuna aliyenikataza kuamkia, vijana msije mkasingiziwa. Niliacha mwenyewe.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni kwamba bodi hujipima kuanzia mdomoni mwake. Inajipigia yenyewe sauti ya ndani na kusikiliza kama inaisikia sawasawa. Waya ziko nje ya mdomo, antena ziko mbali zaidi. Taa ya kijani ilikuwa inasema kweli, mashine ni nzima. Haikusema lolote juu ya waya, na mimi sikuiuliza.

Mwaka huo masika ilikuwa nzito. Ijumaa moja nilipanda mlingoti wa Mbezi Beach nikakuta kichwa cha waya wa tatu kimeoza. Nilikikata, nikafunga kipya, na waya ukawa umepungua vidole vinne. Mafundi wa kunisaidia kukata ile mingine minne hawakuwapo, mvua ilikuwa inarudi. Nikashuka, nikaiambia bodi kuwa waya wa tatu umepungua kiasi hiki, ikakubali. Yaani nilisogeza kiti. Mchoro ulidai fomu na shahidi, na Neema alikuwa safarini Dodoma. Nikasema nitajaza Jumatatu. Jumapili umeme ukakatika, betri za akiba zilikuwa zimechoka siku nyingi, bodi ikazimika. Umeme uliporudi ikapanga viti kwa mchoro wa zamani. Jumatatu nikaingia, nikaona kijani, nikanywa chai. Fomu niliisahau kabisa. Mtu anaweza kusahau, na hilo silo ninaloliungama hapa.

Siku hizo tulikuwa tunatafuta sauti fulani. Ilitoka kwa sekunde sita au saba tu, siku nyingine mara mbili, siku nyingine haitoki kabisa, kwenye masafa yasiyo yake, maneno ya mafumbo ya watu wanaopeana habari. Wakubwa waliitaka kwa hamu. Mkuu wetu wa wakati huo alikuwa anaitwa kwenye vikao kila wiki na kurudi amenuna. Hatimaye tukaishika kutoka vituo vyote viwili kwa wakati mmoja, mistari ikakatana Kibamba, kwenye mtaa mmoja ulio ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro. Gari lilipofika sauti ilikuwa imeshanyamaza, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kupima kwa karibu nyumba ipi. Wenzetu wakafanya linalofanywa na mtu yeyote. Wakauliza watu wa mtaani, hapa nani ana mambo ya redio?

Kila mtu akaonyesha kidole upande mmoja. Bakari Chitanda, fundi redio, mtu wa Newala, kibanda chake kiko kando ya saluni. Wakaingia wakakuta chini ya meza redio za upepo nane, za kampuni moja ya teksi iliyokufa, alizonunua ili achomoe vipuri. Na nyuma ya kibanda palikuwa na waya mrefu umefungwa hadi kwenye mnazi, wa kusikilizia idhaa za mbali. Mnaona wenyewe. Ungekuwa wewe ungesema nini? Akachukuliwa, kibanda kikafungwa na kubandikwa karatasi. Kwetu ofisini paliletwa soda. Mkuu alinipa mkono mbele ya watu wote akasema hizi ndizo faida za uzoefu. Nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu, na sikumbuki siku nyingine kazini niliyojisikia vizuri vile.

Wiki mbili na ushee baadaye sauti ikatoka tena. Mstari wa Mbezi Beach ukapita pale pale, juu ya kibanda kilichofungwa. Ofisini wakasema ana wenzake, wanatumia nyumba ya jirani. Mimi nikaanza kutilia shaka. Kibanda kimefungwa, mwenyewe yuko rumande, jirani ni saluni ya akina mama. Niliondoka peke yangu, Jumatatu, nikaenda Mbezi Beach, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaamkia. Mnara ulikuwa umesogea nyuzi tatu. Najua minara haisogei. Nyuzi tatu, kwa umbali wa Mbezi Beach hadi Kibamba, ni karibu kilomita nzima juu ya ardhi. Nikafungua jedwali la waya na kukuta wa tatu umeandikwa urefu wake wa zamani, kana kwamba sijawahi kupanda ule mlingoti.

Niliketi chini. Nilijua saa ile ile, sikuhitaji karatasi wala kikokotoo. Kisha nikafanya jambo ambalo nimelitafutia jina miaka yote hii na nimeona jina lake ni moja tu. Niliingiza upungufu wa vidole vinne, safari hii nikaubadili na mchoro kabisa. Mahali pa shahidi nikamwita mlinzi wa getini atie sahihi, mzee wa watu asiyejua anachotia. Nikaamkia tena, mnara ukawa mahali pake. Nikafunga mlango, nikarudi mjini, na sikumwambia mtu.

Nilijipa sababu. Nilisema nahitaji kuhakikisha, nisubiri sauti itoke tena. Ikatoka Jumatano, mstari ukaangukia kwenye ghala la malori, kilomita moja kutoka kwa Bakari. Neema akaja mezani kwangu na ramani. "Mzee, mbona mstari umehama?" Nikamjibu bila kuinua macho, labda wao ndio wamehama. Mnaona jinsi ilivyo rahisi? Hata sikupanga, lilitoka lenyewe. Akaniangalia kidogo, akaikunja ramani, akaondoka.

Mimi naishi Segerea, si mbali na gereza, na asubuhi nyingi nilikuwa napishana na watu wanaokwenda kuwaona ndugu zao, wamebeba vikapu na mifuko. Zamani sikuwa nawaona. Wiki ile niliwaona wote. Alhamisi nilipotoka nyumbani mama mmoja mwenye kanga mbili akaniamkia, akaniuliza wanaoleta vitu wanapita mlango upi. Nikamwelekeza. Akanishukuru, akasema Mungu akubariki baba. Sijui alikuwa nani na sikumuuliza. Kazini nilikwenda nikakaa siku nzima na daftari lililo wazi.

Msidhani sikuwa na moyo. Kila jioni nilisema kesho. Lakini nilipofikiria kuingia kwa mkuu na kumwambia ule mkono ulionipa uurudishe, miguu ilikataa. Nilifikiria kuagwa kwangu, watu wakinong'ona. Nilifikiria barua kwenye faili. Nilijiambia kuwa wenzetu wakienda kwenye lile ghala wataona wenyewe, watamwachia tu, jambo litaisha bila mimi. Mtu mwoga ana akili nyingi sana, nawaambieni. Anaweza kukupangia hoja kumi zenye mantiki kwa nini asifungue mdomo.

Jumanne ya wiki iliyofuata Neema alinifuata tena. Safari hii alifunga mlango na akabaki amesimama. Aliweka mbele yangu karatasi moja ya mistari midogo.

"Mzee, hii bodi huwa inaandika kila inapoguswa. Siku na saa."

Alikuwa ameisoma yote. Ameona Ijumaa ile ya mvua nilipoingiza upungufu, ameona Jumapili umeme ulipokwenda, na ameona Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tano na robo, nilipobadili mchoro. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani alikuwa amelia, na nadhani si kwa ajili ya Bakari peke yake.

"Sitaandika mie," akasema. "Andika mwenyewe. Nakungoja mpaka kesho saa nne."

Niliandika Jumatano saa tatu na nusu. Ripoti yangu ilieleza waya, umeme, mchoro, nyuzi tatu. Kuhusu siku ya kugundua niliandika "imegundulika" na kuendelea mbele. Neema alilisoma hilo neno na kulipitisha. Sijui kwa nini, labda alinihurumia, na ninamwomba radhi kwa kumbebesha. Ijumaa Bakari aliachiwa. Siku chache baadaye waliokuwa kwenye ghala walikamatwa, watu wa malori waliokuwa wakiambiana kizuizi cha ukaguzi kiko wapi leo. Mkuu alinisema kwa nusu saa, akanipa barua ya onyo, kisha akanishika bega na kusema angalau umekuwa mkweli. Nilipostaafu niliagwa vizuri, kwa keki na hotuba. Zile nyuzi tatu hazikutajwa.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini nilijiona nina deni la kumtazama yule mtu usoni, kwa hiyo wiki mbili baada ya kuachiwa kwake nilikwenda Kibamba. Nilimkuta amekaa kibandani, amefungua redio ya mtu lakini haitengenezi, ameshika tu bisibisi. Ni mtu wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mwembamba, ndevu zimeanza mvi. Nikajitambulisha. Nikamwambia mimi ndiye niliyekata waya, kosa ni langu, mashine haina kosa wala wale waliokuja kumchukua. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilitamani matusi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni fundi, aliuliza maswali ya fundi: vidole vinne ni kwenye masafa gani, na kwa nini sikukata mitano. Nikamjibu yote. Akatikisa kichwa, akasema chumvi ya Mbezi Beach anaijua, amewahi kufunga dishi kule. Kisha akanieleza habari zake, taratibu, bila kunilaumu. Mama yake mzazi huko Newala alikuwa mgonjwa. Alizidiwa wiki iliyotangulia ile aliyotoka. Alikuwa akimwita, kila anayeingia chumbani akimwita Bakari. Alifariki Jumatano ya wiki hiyo adhuhuri, wakamzika Alhamisi baada ya alasiri. Mkewe ndiye aliyemletea habari ndani, Ijumaa. Mtoto wa kiume ni yeye peke yake. Waliomteremsha mama yake kaburini walikuwa majirani.

Nikawa nahesabu kichwani, nikashindwa kuacha. Kutoka ripoti yangu mpaka kuachiwa kwake zilipita siku mbili. Ningeandika Jumatatu ile ile niliyogundua, Jumatano angekuwa nje, na Alhamisi angekuwa Newala.

"Nikuulize kitu kimoja tu, mzee wangu," akasema. "Mligundua lini?"

Redio iliyofunguliwa ilikuwa kati yetu. Ile karatasi ya bodi ilikuwa ofisini, na aliyeisoma ni mtu mmoja tu zaidi yangu.

"Jumanne," nikasema. "Siku tatu kabla hujatoka. Kesho yake nikaandika."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Nilimwona akifika Alhamisi ya mazishi, akaipita, akafika Jumanne yangu. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyekuwa amebeba kitu akakiweka chini.

"Basi mama alikuwa keshazikwa," akasema. "Hukuwa na la kufanya. Ungejua mapema ungesema."

Kisha akamwita mkewe kutoka nyumba ya nyuma, akamwambia mgeni wetu ametoka mbali, asiondoke na njaa. Ukaletwa wali na samaki wa nazi. Bakari akachukua jagi na beseni, akaninawisha mikono yeye mwenyewe, nami nikala.